Maswali ya kitanzi: mnayoniuliza sana kuhusu adhabu ya kifo huku Mtwara na Lindi

Mimi ni msaidizi wa kisheria, siyo wakili, na haya maswali yananifuata kila mahali, kwenye semina, kijiweni stendi, kwenye magrupu ya wasapu, hata msibani kuna mtu atanivuta pembeni aniulize hivi kunyonga bado kupo. Nimechoka kurudia sauti ile ile kila wiki kwaiyo nimeyaweka hapa. Msimamo wangu ninao, mtauona, sitajifanya sina.

Hivi Tanzania bado wananyonga watu?

Kuhukumu wanahukumu, kunyonga hapana. Mara ya mwisho ni 1994, enzi za mzee Mwinyi. Akaja Mkapa, akaja Kikwete, akaja Magufuli, sasaivi Mama Samia, hakuna kitanzi kilichofanya kazi hata siku moja. Lakini sheria ipo palepale, na Mahakama Kuu zetu, ikiwemo hii ya Kanda ya Mtwara, zinaendelea kutamka yale maneno ya "utanyongwa hadi kufa". Kwaiyo kuna mamia ya watu wamekaa magerezani wakiwa na hukumu ya kifo ambayo hakuna anayeitekeleza na hakuna aliyeifuta, Isanga ya Dodoma ndo mnaisikia sana.

Jaji si anaweza kumuonea mtu huruma akampa miaka?

Akimkuta na hatia ya mauaji ya kukusudia, hawezi. Hapa ndo watu wengi wanashtuka. Kanuni ya Adhabu, kile kifungu cha 197 mnachokisikia sana kwa mawakili, imetoa adhabu moja tu, kunyongwa basi. Uwe uliua kwa kukodiwa, uwe ulikuwa mke unapigwa miaka kumi siku hiyo ukachoka, ikishathibitika ni mauaji ya kukusudia jaji anasoma sentensi ile ile. Nafasi pekee ya kupona ni kabla ya hapo, mahakama ikiona ulichofanya ni kuua bila kukusudia, hapo adhabu inaanzia hata kuachiwa kwa masharti mpaka kifungo cha maisha. Ndo maana mawakili wanapigana sana kwenye hilo neno kukusudia, maisha yote ya mtu yananing'inia pale.

Uhaini nao una adhabu ya kifo kwenye vitabu, na tangu kesi za uhaini zianze kutajwatajwa 2025 naulizwa sana, jibu ni ndio, ipo.

Mtoto je? Mwenye mimba je?

Aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati kosa linatendeka hanyongwi. Mjamzito naye hahukumiwi kifo, anapewa kifungo cha maisha.

Mbona huku kwetu ukiuliza kila mtu anasema "anyongwe tu"?

Kwasababu tumeumizwa bana, tusijifanye hatuelewi. Vijana wa bodaboda wanakodiwa usiku kwenda porini wanakutwa asubuhi wamekufa pikipiki haipo. Msimu wa korosho hela ikitoka mtu anavamiwa ndani kwake anakatwa mapanga mbele ya wanae. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, pale pale ukingoni mwa Ruvuma, kilivamiwa na wale magaidi wa kutoka Cabo Delgado ya Msumbiji, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Nenda kamwambie mtu wa Kitaya habari za haki za muuaji uone atakavyokuangalia. Na kabla ya hapo kulikuwa na yale mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, hayakuanzia huku lakini nchi nzima ilichafukwa roho, mpaka waziri mkuu Pinda alilia bungeni 2009, na mwaka huo huo watu watatu walihukumiwa kunyongwa kule Kahama kwa kumuua mtoto. Sikumbuki mtu yeyote niliyekaa naye aliyewaonea huruma wale.

Ila nikikaa na mtu nikamuacha aongee mpaka amalize, mara nyingi inatoka kitu kingine kabisa. Anasema anyongwe, alafu anaongeza "maana hawa wakipelekwa ndani baada ya miezi mitatu unawaona mtaani". Hiyo sentensi ya pili ndo yenyewe. Mtu haamini kama jela inashika. Anahisi kuna mtu atatoa hela, jalada litapotea, shahidi atahama, na yule jamaa atarudi kukaa kijiweni anamwangalia mama wa marehemu akienda sokoni. Kitanzi anakipenda kwasababu aliyenyongwa harudi.

Kuna mama mmoja wa Masasi, mwanae alikuwa dereva wa boda akauawa. Nilikaa naye barazani kwake akiwa anachambua mchicha, nikamuuliza hilo swali la kunyonga kwa woga kidogo maana sikujua ataipokeaje. Hakuinua hata macho. Akasema "baba, anyongwe asinyongwe mi nimechoka nauli". Kesi inaahirishwa, anaitwa, inaahirishwa tena, na kila safari anauza kitu ili apate ya kupanda basi kwenda na kurudi. Hakuna fomu ya maoni yenye kiboksi cha jibu kama lile.

Kwaiyo ni kweli Watanzania wengi wanaunga mkono?

Hivi wewe umeshawahi kuulizwa? Maana mimi sijawahi, na wengi ninaowauliza hawajawahi.

Na hili siyo jambo dogo, kwasababu adhabu hii imebaki hai kwa hoja ya wananchi. Mwaka 1994 jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma, kwenye kesi ya Mbushuu na mwenzake, alisema kunyonga ni ukatili, kunadhalilisha utu, kunapingana na Katiba, akawapa kifungo cha maisha. Serikali ikakata rufaa. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikasema sawa, ni kweli ni adhabu ya kikatili na inadhalilisha, lakini Katiba yenyewe ibara ya 30 inaruhusu sheria inayobana haki kama ni kwa maslahi ya umma, na kuhusu kama adhabu hii inahitajika au haihitajiki, jamii ndo inayoamua. Jamii. Yani mimi na wewe na yule mama wa Masasi. Sasa tangu hiyo Januari 1995 mpaka leo sisi jamii hatujawekewa sanduku la kura juu ya hilo jambo, zimepita tume mbalimbali kukusanya maoni ya sheria na katiba, 2023 ikaja hadi tume ya haki jinai ya jaji mkuu mstaafu Chande Othman, lakini swali lenyewe kwa mwananchi mmoja mmoja, ndio au hapana, halijaulizwa.

Si wangepiga tu kura ya maoni yaishe?

Inategemea utauliza nini. Kuna siku tulikuwa kwenye semina Tandahimba, tumekaa kwenye ghala la chama cha msingi, watu wamejaa maana walikuwa wanasubiri malipo ya korosho hivyo hawakuwa na pa kwenda. Nikauliza nani anataka muuaji anyongwe. Mikono karibu yote juu, mpaka watoto waliokuwa mlangoni. Nikawaambia haya, kuna ndugu wawili tumbo moja, baba kafa kaacha mikorosho, wanagombania mpaka, mmoja kaenda nyumbani kachukua panga karudi kamkata mwenzie, kafa siku ya pili hospitali. Huyu naye? Mikono ikabaki michache na wenye mikono wakawa wanaangaliana. Mzee mmoja mwenye baraghashia akasema huyo apewe miaka, ana wake ana watoto, na wa marehemu nao nani atawalea. Nikawaambia sasa yule kaenda nyumbani kachukua panga karudi, hapo mwendesha mashtaka atasema alikusudia, na akilithibitisha jaji hana miaka ya kutoa. Mzee akaniuliza, "sasa huyo jaji anakaa pale kufanya nini?"

Sikuwa na jibu zuri, na bahati nzuri mtu akaingia kusema pesa imesoma, nusu ya semina ikanyanyuka.

Kwaiyo ukiniuliza watu wa kusini wanataka nini, ntakwambia wanataka kitanzi ukiwaambia neno "muuaji" na wanataka jaji mwenye akili ukiwaambia habari ya mtu. Na hili si la huku tu. Zimbabwe waliwahi kuwahoji watu kwa utaratibu mzuri, asilimia 61 wakataka adhabu ibaki, lakini asilimia 80 ya hao hao waliotaka ibaki wakasema serikali ikiifuta watakubali tu. Desemba 2024 wakaifuta, na hakuna aliyeandamana kudai kitanzi chake.

Lakini kufuta kitu ambacho wananchi wengi wanakitaka si udikteta?

Swali zuri, na wanaoniuliza hivi huwa nawakumbusha 1991. Tume ya jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza kama tubaki na chama kimoja au viwe vingi. Kama asilimia 80 wakasema chama kimoja. 1992 tukaingia vyama vingi. Tume ikasema wale asilimia 20 nao ni watu, na viongozi wakakubali. Leo aliyekaa kwenye upinzani na aliyekaa CCM wote wanaishi ndani ya uamuzi ambao wengi hawakuuchagua.

Ufaransa 1981 ilifuta kunyonga, kwao ilikuwa ni kukata kichwa, wakati tafiti za maoni zilionyesha zaidi ya nusu ya watu wanaitaka. Afrika Kusini Juni 1995, miezi michache tu baada ya hukumu yetu ya Mbushuu, Mahakama yao ya Katiba iliisoma hukumu yetu, ikafikiria, ikaenda njia nyingine, ikasema inawezekana kabisa umma unataka kunyonga lakini kazi ya mahakama siyo kuhesabu wangapi wanataka, maana haki zipo kumlinda hata yule asiyependwa na mtu. Kesi inafanana, bara moja, mwaka mmoja, majibu mawili. Mimi najua nililolipenda, we soma uamue.

Marekani wao wanauliza kila mwaka, 1994 asilimia 80 waliunga mkono, 2024 wakawa 53. Nchi ile ile. Maoni ya watu yanahama.

Kunyonga si kunawatisha wauaji?

Hii ndo hoja kubwa ya kijiweni na naiheshimu, lakini haijawahi kuthibitishwa. 2012 baraza la utafiti la taifa la Marekani lilipitia tafiti za miaka zaidi ya thelathini likasema hazitufai kujua kama kunyonga kunapunguza mauaji au kunaongeza au hakufanyi kitu. Alafu kwa akili ya kawaida tu, yule aliyemkata ndugu yake shambani alikuwa na hasira, na yule anayeua boda anaamini hatakamatwa. Kinachomtisha mhalifu ni kukamatwa haraka, na hapo ndo tuna shida, jalada linazunguka, mkemia mkuu anasubiriwa, shahidi kahamia Songea.

Dini inasemaje?

Huku nusu ya semina ni masheikh na nusu ni wakatoliki wa Ndanda kwaiyo hili haliepukiki.

Kwa Waislamu kisasi kipo, Surat al-Baqara aya ya 178, lakini aya hiyo hiyo inafungua mlango wa ndugu wa marehemu kusamehe na kupokea fidia, na al-Maida aya ya 45 inasema anayesamehe, kusamehe huko ni kafara ya dhambi zake. Sheikh mmoja wa Mikindani alinambia mnachukua ile nusu ya kwanza mnaiacha ya pili. Kwa Wakatoliki, Papa Francis 2018 alibadilisha katekisimu, sasa inasema adhabu ya kifo haikubaliki. Wapo walokole wanaonisomea Mwanzo 9:6 kila nikifika hapo, amwagaye damu ya mwanadamu, na mimi nawakumbusha Kaini aliwekewa alama ili asiuawe, tunabishana, tunakunywa chai, tunaachana.

Familia zikikaa zikasameheana, kesi inafutwa?

Hapana. Watu wanakaa kikao, wazee wa pande mbili, wanapatana, ng'ombe au hela inatoka, wanaenda polisi na karatasi yao wanashangaa inarudishwa. Kesi ya mauaji ni ya Jamhuri, wewe ndugu wa marehemu ni shahidi tu. Yani sheria yetu imechukua ukali wa kisasi ikaacha mlango wa msamaha wa familia. Msamaha upo kwa mtu mmoja tu, Rais, ibara ya 45 ya Katiba. Magufuli aliutumia Disemba 9, 2017, akawaachia watu 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Mwaka huo huo Septemba, akimuapisha jaji mkuu Ibrahim Juma, alikuwa ameshasema hadharani yeye hatasaini kunyonga mtu.

Kama marais wenyewe hawataki kusaini, kwanini isifutwe?

Kwasababu kutosaini hakuna gharama ya kisiasa na kufuta kuna. Ndo jibu langu, halina uchambuzi zaidi. Anayelipa ni yule aliye ndani anayesikia funguo kila asubuhi hajui huyu rais ajaye atakuwa wa namna gani.

Kunyonga si mila yetu ya zamani?

Aliyekwambia nani? Kitanzi kwa sura hii tunayoijua huku Lindi tuliletewa na Wajerumani. Nenda Kilwa Kivinje uulize Mwembe Kinyonga, pale ndipo walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya na wenzake 1895 kwa kukataa kutawaliwa. Kinjeketile naye walimnyonga Agosti 1905, Maji Maji ikiwa imeanza tu. Alafu Mwingereza akatuachia Kanuni ya Adhabu ya 1945 ndo hiyo tunayoitumia. Sisemi wazee wetu walikuwa malaika, damu ilikuwa inalipwa, ila ililipwa kwa namna nyingi.

Na tulipopata uhuru hatukuiacha. Dk. Klerruu, yule aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa huku Mtwara, aliuawa Iringa siku ya Krismasi 1971 na mkulima Saidi Mwamwindi wakigombana shambani kwa mambo ya ujamaa, Mwamwindi akanyongwa. Wazee wa Iringa mpaka leo wanabishana juu ya hilo.

Wenzetu wa ng'ambo ya mto wanafanyaje?

Msumbiji walifuta tangu katiba yao ya 1990, tena wakiwa bado kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe. Kwaiyo Mmakonde wa Newala na binamu yake wa Mueda, lugha moja, unyago mmoja, wakifanya kosa moja, huyu anahukumiwa kunyongwa na yule miaka. Rwanda walifuta 2007, Burundi 2009, Zambia Disemba 2022. Kenya na Uganda bado ipo lakini mahakama zao za juu zimeshasema haiwezi kuwa ya lazima, Uganda 2009, Kenya 2017. Malawi nao tangu 2007. Ukiangalia ramani sisi karibu tumezungukwa.

Na ile mahakama ya Arusha?

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, inakaa hapa hapa kwetu, Novemba 2019 kwenye kesi ya Ally Rajabu na wenzake iliamua kwamba kumfunga jaji mikono hivi kunavunja haki ya kuishi, ikatupa mwaka mmoja tubadilishe sheria. Mwezi ule ule, siku chache kabla ya hukumu, serikali ilikuwa imetoa taarifa ya kujitoa kwenye lile tamko linaloruhusu mwananchi kwenda pale moja kwa moja. Mnaweza kujumlisha wenyewe.

Tukimpiga mwizi akafa, hiyo si kazi ya wananchi wenye hasira kali?

Wananchi wenye hasira kali hawapo kwenye sheria. Ni mauaji, na waliompiga wanaweza kusimama kizimbani kwa kosa lile lile la kunyongwa. Nimewahi kuona vijana waliorusha tofali "moja tu" wakikaa mahabusu miaka, na mauaji hayana dhamana. Na bibi mkimuua kwasababu mganga kasema ndo aliyemloga mtoto, kuamini uchawi peke yake hakukuokoi.

Wewe mwenyewe unasimama wapi?

Iondolewe ulazima kwanza, leo, hata kabla ya kubishana kuifuta. Jaji apewe uwezo wa kuangalia mtu na mtu. Kuhusu kuifuta kabisa nami naegemea huko, kwasababu ushahidi wetu mwingi ni wa macho ya usiku na maungamo ya kituoni, na aliyehukumiwa kimakosa ukimnyonga huna wa kumuomba radhi. Lakini mtu wa Kitaya akinibishia namsikiliza mpaka mwisho.

Ndugu yangu kahukumiwa kunyongwa, tufanye nini?

Msikae kulia mkasahau tarehe. Taarifa ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani inatakiwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na akiwa gerezani anaijaza huko huko kupitia maafisa wa magereza, kwaiyo nenda kamtembelee mapema umuulize ameshajaza na alama ya dole gumba ameweka. Wakili kwa kesi za mauaji serikali inalipia, msidanganywe na mtu wa nje ya geti anayetaka laki tano "za kufungua faili". Ombeni nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, rufaa inapanda juu ya hizo karatasi. Mahakama ya Rufani huwa inakuja kukaa Mtwara kwa vikao, ulizieni kwa msajili kikao kinachofuata ni lini. Ikipita siku 30 bado kuna kuomba kuongezewa muda ila mtatakiwa mseme kwanini mlichelewa, siku kwa siku.

Mkikwama mniandikie, ila sauti za dakika nane sisikilizi, andikeni.